Usiwafuate ndege, subiri maji yawalete

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Umesema ulinunua darubini mwezi wa 10, umeshuka ufukweni Jumamosi 3, na mara zote umerudi na hadithi moja: vidoa vya kijivu kule mbali kwenye tope, vyote sawa, na ukivisogelea vinaruka na kutua mbali zaidi. Unauliza kama kosa liko kwenye darubini, kwenye macho yako au kwenye msimu, na kama ununue ile darubini kubwa ya kusimamisha kwenye miguu mitatu.

Nina miaka 14 nikitazama ndege wa pwani, na miaka 2 ya mwanzo niliviona vidoa hivyo hivyo. Darubini yako ni nzima na macho yako ni mazima. Msimu nao ndio huu: kuanzia Oktoba hadi Desemba inapoingia, upande wa kaskazini wa dunia unapoa, na ndege wa tope ama wako njiani ama ndio wanafika wanakokwenda kukaa. Unachokosea ni saa. Unaenda saa inayokufaa wewe, ilhali ndege hawa wanaishi kwa saa ya maji.

Maji yakipwa, tope linaachwa wazi eneo kubwa sana, na ndege wanatawanyika kote wakitafuta minyoo, konokono na kaa wadogo. Ukifika wakati huo utawakuta kilomita nzima kutoka ulipo, na hakuna darubini ya mkononi itakayokusaidia. Maji yakianza kujaa, tope linapungua kidogo kidogo, na wao wanarudi nyuma pamoja na ukingo wa maji huku wanakula. Bahari yenyewe inawasukuma kuelekea nchi kavu, uliko wewe. Kwa hiyo wahi. Fika muda wa saa 3 kabla ya maji kujaa kabisa, tafuta kichaka au jabali la kuegemea, keti, utulie. Usisimame wima juu ya ukingo, maana umbo la mtu lililochoreka kwenye anga linawatisha kuliko rangi yoyote ya nguo. Dakika 20 za kwanza hutaona maajabu. Baada ya hapo utaanza kuwasikia kabla hujawaona, na ukivumilia bila kuinuka watafika mita 30 kutoka miguuni pako, wakila kana kwamba wewe ni gogo.

Kwenye pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50. Piga hesabu ya siku 7 uone: Jumamosi hii ukikuta maji yamekupwa asubuhi, Jumamosi ijayo saa ile ile utakuta yanakaribia kujaa. Hujakosa bahati, umekosa jedwali la maji tu, au mvuvi wa kumuuliza. Jambo la pili ni mwezi. Siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, linakuja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake kuna maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu. Sehemu ya tope haifunikwi, na ndege hawana haja ya kukusogelea. Mimi safari zangu nazipanga kwa bamvua. Ila bamvua kubwa kupita kiasi hufunika kila kitu na ndege huhama kabisa kwenda kupumzika kwingine, kwa hiyo yenye thamani ni ile saa na nusu kabla ya maji kufika kileleni.

Jua liwe mgongoni kwako. Hili ni fupi lakini usilipuuze: ndege aliye kati yako na jua ni kivuli tu. Na ikiwezekana nenda mapema, kabla tope halijapata moto na mazigazi hayajaanza kuyeyusha kila umbo.

Sasa hilo la "wote ni kijivu". Ni kweli wamekuwa kijivu. Chamchanga anayeitwa kitaalamu Calidris ferruginea, akiwa kwenye tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, huko Siberia wakati wa kuzaa, ana kifua chekundu kama tofali. Yule mnene mwenye macho makubwa, Pluvialis squatarola, huwa mweusi kutoka usoni hadi tumboni. Kufikia Novemba wote wawili wamebadili manyoya na kubaki kijivu juu, weupe chini. Ukifungua kitabu ukatafuta ile picha ya rangi kali hutampata ndege wako. Achana na rangi kwa sasa. Tazama anavyokula.

Hapo ndipo mlango ulipo, na ukiupita huu utashangaa ulikuwa unababaika nini. Kuna wanaotafuta kwa jicho na wanaotafuta kwa mdomo. Wa jicho wana kichwa cha mviringo, jicho kubwa na mdomo mfupi. Anakimbia hatua chache, anasimama kabisa, anatazama, anadonoa mara moja, anakimbia tena. Anasimama ili aone kitu kitakachojitikisa juu ya tope. Wa mdomo, yaani chamchanga na jamaa zake, hawasimami. Kichwa chini, mdomo unaingia na kutoka kama sindano ya cherehani. Ncha ya mdomo wao imejaa vihisio, kwa hiyo wanagundua windo lililofukiwa bila kuliona, na wengi wao wanaweza kufungua ile ncha peke yake huku sehemu nyingine ya mdomo imefumba ndani ya tope. Wote hao hula hata usiku, kwa sababu maji hayangoji jua. Wiki yako ya kwanza usijaribu kutaja jina la ndege yeyote. Keti tu useme moyoni: huyu wa jicho, huyu wa mdomo. Fanya hivyo kwa ndege 100. Macho yatajifunza yenyewe.

Baada ya hapo anza na wale wasiochanganyika na wengine. Mimi nilianza na sululu, na bado ndiye nimpendaye kuliko wote. Jina lake ni lile lile la chombo cha kuchimbia, na ukiuona mdomo wake ulivyopinda kwenda chini huhitaji maelezo. Wapo wawili utakaokutana nao zaidi. Mkubwa, Numenius arquata, ana mdomo mrefu kiasi kwamba unajiuliza anaubebaje. Mdogo, Numenius phaeopus, mdomo wake ni mfupi kidogo, ana mistari ya giza juu ya kichwa, na akiruka anapiga mluzi wa haraka wa sauti 7 hivi mfululizo. Huo mluzi ukiusikia mara moja, utaujua maisha yako yote. Kisha kuna yule mweupe mdogo anayefukuzana na wimbi kwenye mchanga, anashuka nalo na kupanda nalo kama mtoto. Huyo ni Calidris alba, na hana kidole cha nyuma mguuni. Na yule Pluvialis squatarola niliyemtaja, ukishindwa kumjua ametulia, msubiri anyooshe mabawa: kwapa lake ni jeusi tii.

Wakipumzika, utaona wote wameelekeza midomo upepo unakotoka. Kaa ubavuni mwa upepo ndipo uone umbo zima la mdomo na mguu. Nikiwa mgeni nilikuwa nakaa nyuma yao, naona mikia tu.

Naomba hapa unisikilize vizuri, kwa sababu umesema ukivisogelea vinaruka. Mwaka wangu wa pili nilikuta kundi la ndege kama 200 kwenye fungu la mchanga. Nilitaka picha. Niliwasogelea, wakaruka, wakatua. Nikasogea tena, wakaruka tena. Mara 3. Nilipokata tamaa nikakaa chini na saa mkononi, nikaandika kwenye daftari: zilipita dakika 25 kabla wote hawajarudi kula kwa utulivu, na maji yalikuwa yamebakiza chini ya saa moja kufunika lile fungu. Niliwanyang'anya karibu nusu ya chakula chao cha mchana ule kwa ajili ya picha ambayo hata haikutoka. Sijarudia tena. Wanapoinua vichwa na kuacha kula, tayari umesogea mno. Rudi nyuma hatua chache, keti.

Na ujue ni nani unayemrusha. Oktoba 2022 ndege mmoja wa jamii hii, Limosa lapponica, aliyekuwa na umri wa miezi 5 hivi na kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti mgongoni, aliondoka Alaska akaruka siku 11 bila kutua hata mara moja mpaka Tasmania. Kilomita 13,560. Hawezi kupumzika juu ya bahari kama shakwe, na njiani hakuna anachokula. Kabla ya kuondoka ndege wa aina yake hujaza mafuta mwilini, na viungo vyao vya kusaga chakula hupungua ukubwa ili kupunguza mzigo. Kila kipande cha tope wanachotua ni ghala. Wengi wa hao unaowaona mwishoni mwa msimu ni watoto wa mwaka huu. Kwa chamchanga wengi wazazi hutangulia wiki kadhaa, na mtoto anakuja nyuma njia ambayo hajawahi kuipita, bila mzazi wa kumwonyesha. Utawatambua kwa manyoya ya mgongoni: bado ni mapya, kila unyoya una ukingo mwembamba wa rangi hafifu, kama magamba ya samaki yaliyopangwa vizuri. Mimi kila nikimwona mmoja wa hao nasimamisha darubini juu yake muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Maji yakishajaa usifunge mkoba. Sululu na wenzake wengi huruka kwenda bara kidogo, kwenye majani mafupi na mashamba yaliyolowa, wakaendelea kula huko mpaka tope lifunuke tena. Tazama wanakoelekea, ufuate taratibu kwa njia ya watu. Kwenye mashamba yaliyovunwa utakuta pia makundi ya wala mbegu, na penye makundi hayo kozi hayuko mbali. Kundi zima likiinuka ghafla likakunjana angani kama kitambaa, usitazame kundi. Tazama juu yake. Huko mashambani sina mengi ya kukufundisha zaidi ya kutembea pembezoni, kukagua kila kigingi cha uzio, na kusimama mara nyingi kuliko unavyotembea.

Jambo moja la usalama. Maji yanapojaa hayaji kutoka mbele tu. Yanapita kwanza kwenye mifereji, na mfereji unaweza kujaa nyuma yako wakati mbele bado unaona tope kavu. Nilikumbwa na hilo mwaka wa 4, nikavuka maji ya mapajani nimeinua mkoba kichwani, na chini tope linavuta mguu. Tangu siku hiyo sishuki kwenye tope kabisa. Natazama kutoka nchi kavu, na namwambia mtu saa nitakayorudi.

Beba daftari. Tarehe, hali ya maji, upepo, idadi, hata kama jina hulijui. Kulikuwa na sululu wa tatu, Numenius tenuirostris, mwembamba wa mdomo, aliyekuwa akipita vuli hadi vuli kwenda kukaa kuzunguka Bahari ya Kati. Picha zake za mwisho zisizo na shaka zilipigwa Merja Zerga, Moroko, Februari 1995. Watu waliendelea kumtafuta kwa miaka, wakikagua kila kundi la sululu ndege mmoja mmoja, na mwaka 2025 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka. Alipotea akiwa katikati ya wenzake wanaofanana naye, huku wengi tukipita tukisema "ni sululu tu". Kuna hesabu ya ndege wa maji inayofanyika kila Januari katika nchi nyingi tangu 1967, na wanaohesabu ni watu wa kawaida wenye darubini kama yako. Ukishazoea kutofautisha aina 10 unaweza kujitolea. Kabla ya hapo weka orodha zako eBird, tovuti ya kukusanya orodha za ndege walioonwa, zinatumika.

Kuhusu ile darubini kubwa: usinunue sasa. Yako umesema ni 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina milimita 42. Hiyo ndiyo ninayoivaa shingoni mpaka leo, kwa sababu haitikisiki mkononi na inaingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Kubwa niliinunua mwaka wa 5, baada ya kujua hasa ni fungu gani na ndege gani nisiyemfikia nikiwa nimekaa. Msimu huu kaa nayo hiyo hiyo. Angalia mwezi, hesabu siku 2 baada ya mpevu, uwahi kabla ya maji.