Mama alikuwa nesi na Yanga damu, kwenye wasifu wake tuandike nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yetu ametutoka mwezi uliopita huku Morogoro. Alikuwa nesi mkunga, kaajiriwa 1974 kastaafu 2009, ujanani alicheza netiboli timu ya hospitali mpaka goti likamkatalia, na kwa Yanga ndo usiseme kabisa. Siku ya kuzika wasifu ulisomwa harakaharaka, kazaliwa, kasoma, kaajiriwa, kastaafu, basi. Sasa arobaini inakaribia nimepewa mimi niandike upya, ila kaka mkubwa anasema mambo ya mpira tusiyaweke, ni kumshushia mama heshima mbele ya wachungaji. Roho inaniuma. Nifanyeje?
Kitinda mimba, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na msiba, Mungu awape nguvu.

Kaka yako simlaumu, anamlinda mama. Lakini kwa hili mi nipo upande wako kabisa. Nesi maisha yake yote anapangiwa, leo asubuhi kesho naiti, Krismasi watu wanakula pilau yeye yuko leba, sasa yale masaa machache yaliyobaki kuwa yake mwenyewe akaamua kuyapeleka uwanjani na kwenye redio, hapo ndo mnamuona yeye alikuwa nani, maana hakuna mtu aliyempangia. Ukilitoa hilo utabaki na faili la utumishi, na faili ofisini lipo tayari.

Cha kufanya, usikae peke yako na karatasi. Watafute manesi wenzake waliostaafu, na ukiwauliza "mama alikuwa mtu gani" watakujibu alikuwa mcheshi, mchapakazi, kila marehemu anaambiwa hivo. Waulize kwa mechi! Taifa Stars walivyoenda Lagos kwenye Kombe la Afrika 1980, mara yetu ya kwanza kabisa, nani alikuwa zamu na redio ilikuwa wapi? Yanga walivyoingia hatua ya makundi Ligi ya Mabingwa Afrika 1998, timu ya kwanza ya Tanzania kufika pale, mama alikuwa wodi gani? Mtu akishaikumbuka mechi anaikumbuka na siku yenyewe, nani alikuwepo, mgonjwa gani alizidiwa, nani alibaki baada ya zamu kuisha. Hivo utaipata kazi yake ndani ya mpira wake bila kulazimisha.

Na netiboli usiipite juu juu. Uliza alikuwa anacheza namba gani, mfungaji, beki au kati, maana kule kila mtu ana eneo lake na huruhusiwi kukimbia na mpira, ukiudaka una sekunde 3 tu uwe umeshautoa. Waliocheza naye watakwambia alikuwa anampasia nani.

Zile za karibuni unazo mwenyewe. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 Yanga kafungwa 2-1 Dar, kaenda Algiers kashinda 1-0, jumla 2-2, na kombe likaenda kwa USM Alger kwa goli la ugenini tu, maana wao walifunga mawili Dar na Yanga moja kule kwao. Kama mlikuwa naye sebuleni siku ile andika alivyokaa, alisema nini, alilala saa ngapi.

Kwa kaka usibishane naye mbele za watu. Andika kwanza, umpelekee mjomba au mama mdogo asome, halafu yeye ndo aongee na kaka. Akiona mama yake mzima mzima kwenye ukurasa nadhani atalainika. Jezi na nderemo kama hataki, mwachie hayo, wewe shikilia maandishi.

SWALI: Shangazi, kuna mama mmoja ambaye mama yetu alimzalisha mtoto aliyekuwa ametanguliza miguu, anataka asimame siku hiyo aseme. Na mi niiandike?

JIBU: Yeye asimame, habari ni yake na ana haki ya kuitoa. Wewe usiandike jina la mgonjwa yeyote wala ugonjwa wake, hata kama mtaa mzima unajua, siri za wagonjwa mama alizibeba mpaka mwisho na nyie hamna ruhusa ya kuzifungua. Ila mpangieni huyo mama aongee kabla ya chakula, sahani zikishaanza kutembea hakuna atakayemsikia.