Kabla hujahamisha kaunta ya mteja, jua feng shui ni ya nini

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya kupanga nyumba na maofisi kwa feng shui, ile elimu ya Kichina ya kupanga mahali, nawapenda ila wiki hii mmenichosha. Nimemsikia tena mtu anamwambia mteja "meza itazame kusini", kuulizwa kwa nini anajibu ndo kanuni inavyosema. Mteja katoa hela yake jamani, mpe sababu.

1. Jua kanuni ilizaliwa wapi. Zile nyumba za zamani za Beijing zenye ua katikati, siheyuan, nyumba kuu inatazama kusini kwa sababu mji uko kama digrii 40 kaskazini mwa ikweta, jua la kipupwe linapita kusini na upepo wa baridi kali unashuka toka kaskazini, kwa hiyo wazee wanapewa chumba chenye jua na ukuta wa mgongoni unazuia baridi. Sasa wewe uko Dar, kusini mwa ikweta, mwezi wa saba jua la mchana liko kaskazini na kusi ndo upepo tunaousubiri utupoze, halafu unaziba dirisha la kusini kwa meza?? Kazi ya feng shui ni kumweka mtu mahali ambapo upepo, mwanga na njia ya kupita vinamsaidia kulala, kufikiri, kuuza. Chi, hiyo nguvu ya uhai mnayoitaja kila sentensi, inaanzia hapo.

2. Kiti kione mlango, mgongo upate ukuta, usikae kwenye mstari wa mlango.

3. Usipime karibu na chuma. Luopan, dira yetu ya feng shui, duara lake limegawanywa pande 24 tunazoziita milima, kila mmoja digrii 15, ukikosea kidogo tu umeshahamia mlima mwingine. Kuna kijana tulikuwa naye, ana bidii kwelikweli, akatumwa kupima duka la vitambaa. Akasimama kizingitini, shata ya chuma juu ya kichwa, nondo za dirisha pembeni, gari la mwenye duka limepaki palepale, akatoa simu akasoma dira yake mara moja akaandika. Hakurudia. Kwa namba hiyo akachora chati nzima ya nyota, ule mchoro wa namba unaosema kona ipi ya jengo ni nzuri kwa kila kipindi cha miaka 20, sasa tuko kipindi cha 9, 2024 mpaka 2043, akamwambia mama mwenye duka kaunta iende kona ya nyuma na mlango wa pembeni uzibwe. Mama wa watu akaita fundi, tofali zikapangwa, umeme ukahamishwa, rafu zikang'olewa. Tulipoenda kukagua tukapima toka ng'ambo ya barabara, mbali na vyuma, sehemu tofauti tofauti, zote zikakubaliana na zote zikamkataa kijana. Chati yote haifai. Na ukiingia tu ulijua bila dira, ule mlango ndo uliokuwa unaingiza hewa, sasa wateja wanashika kitenge jasho linawatiririka wanakirudisha wanaondoka, na mama huko kona hamwoni anayeingia. Akatuuliza kwa upole tu, "sasa wanangu, nifanyeje?" Kijana alilia palepale. Tofali zilibomolewa kwa gharama ya ofisi, ila mauzo ya ile miezi nani angemrudishia?

4. Kioo kinachotazama kitanda kitoe, mtu akishtuka usiku asione kitu kinatembea. Boriti juu ya mto, sogeza kitanda.

5. Wahi mapema. Disneyland ya Hong Kong, iliyofunguliwa 2005, lango lake lilizungushwa digrii 12 tangu kwenye mipango kwa ushauri wa feng shui, na njia ya kutoka stesheni ya treni wakaipinda ili chi isipitilize moja kwa moja. Kwenye karatasi hiyo ni kazi ya penseli. Kwa hiyo mteja anayejenga mwombe ramani kabla msingi haujachimbwa, na kama nyumba ishasimama anza na vinavyohama, kitanda, meza, kioo, kabati. Ukuta mwisho kabisa, na kabla fundi hajashika nyundo nipigieni, hata kama ni usiku.