Umefuta mafaili, mbona nafasi haijarudi?

Flashi ya GB 16 inasema imejaa, ukiifungua huoni kitu. Usikimbilie kuifomati. Ukibonyeza Delete, programu nyingi hazilifuti faili. Hulihamishia kwenye pipa la taka, na pipa hilo limo ndani ya diski ileile. Mpaka limwagwe, nafasi hairudi.

Kwenye Linux, programu za kusimamia mafaili za Nautilus, Dolphin na Thunar zina utaratibu mmoja. Faili la kwenye folda yako ya nyumbani huenda ~/.local/share/Trash. La kwenye flashi hubaki kwenye flashi hiyohiyo, ndani ya folda iliyofichwa iitwayo .Trash-1000. Hiyo 1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza katika mifumo mingi. Yako huenda ikawa nyingine. Bonyeza Ctrl+H ukiwa Nautilus au Thunar utaiona. Mwaga pipa flashi ikiwa bado imechomekwa, maana ukiichomoa kwanza, pipa la kompyuta litaonekana tupu, kumbe taka zote zimeondoka na flashi.

Finder, programu ya mafaili ya Mac, nayo huacha kwenye flashi folda ya pipa iitwayo .Trashes. Windows kwa kawaida haina pipa kwenye flashi: ukifuta, limekwenda, kwa hiyo huko soma jina la faili mara mbili.

Shift+Delete huruka pipa kwenye Windows na kwenye hizo tatu za Linux. Kwenye Mac ni Option+Command+Delete. Itumie kwa vitu unavyoweza kuvipakua tena. Picha za familia na kazi za ofisini zipitie pipani kwanza.

Kosa linalosumbua zaidi ni kufungua Nautilus kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), ili kufuta mafaili ya mfumo. Yataenda kwenye pipa la root, ambalo pipa lako halikuonyeshi kamwe. Pima ukubwa wake kwenye terminali kwa amri ya sudo du -sh /root/.local/share/Trash.

Je, mapipa yote ni matupu na df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, bado inasema diski imejaa? Endesha sudo du -xh --max-depth=1 / inayojumlisha ukubwa wa mafaili, ulinganishe. Jumla ya du ikiwa ndogo kwa mbali, huenda kuna programu inayoshikilia faili lililokwisha kufutwa, mara nyingi logi (faili la kumbukumbu za programu) iliyovimba. Amri ya sudo lsof +L1 itakutajia programu hiyo na ukubwa wa faili. Izime, uiwashe upya, kisha endesha df tena.