Rubani karudia kibali cha urefu redioni, bado kapita futi alizopewa. Inakuwaje?

Mkuu umeuliza inakuwaje rubani anarudia kibali redioni na mwongoza ndege anamsikia kabisa halafu bado ndege inaenda urefu ambao siyo wake. Mimi yalinikuta nikiwa rubani msaidizi.

Tunashuka, tukapewa "one one zero", yaani 110, na huko juu urefu unatajwa kwa mamia ya futi, kwa hiyo ni futi 11,000. Mimi nikasikia "one zero zero", maana ile njia karibu kila siku tulikuwa tunapewa hiyo 100 na kichwa kilishaisubiri kabla mtu hajafungua mdomo. Nikarudia 100 bila wasiwasi wowote. Kapteni muda huo anaongea na wahudumu wa kabini, nikazungusha kitufe cha kuchagua urefu nikaweka 10,000, aliporudi nikamwambia tumepewa 100, akaangalia namba akanyoosha kidole akaitikia. Hapo ndo tulipoharibu, sababu alichohakiki yeye ni nilichoweka mimi, siyo kilichosemwa redioni. Mwongoza ndege naye alisikia alichotegemea kusikia, akahamia kwa ndege nyingine. Tunapita 10,600 ndo anauliza tuko urefu gani, na sauti yake imeshabadilika. Kwenye 10,000 kulikuwa na ndege inakatiza chini yetu. Aisee mikono iliniisha nguvu.

Kwa hiyo kurudia peke yake siyo kinga, kinga ni yule anayekusikiliza unaporudia, na saa ile ana ndege kibao zinagombania masafa ya redio. Tarehe 19 Februari 1989 Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa inakaribia kutua Kuala Lumpur, wakaambiwa washuke "two four zero zero", futi 2,400. Ile "two" ya mwanzo wao wakaisikia kama "to", kwamba washuke hadi futi 400. Wakajibu kabisa "okay, four zero zero" na hakuna aliyewasahihisha. Mtambo wa kuonya ardhi ukapiga kelele, wao wakaendelea kushuka, wakagonga kilima. Wote wanne walikufa. Jibu la makosa lilisikika hewani wazi kabisa, hilo ndo huwa linaniuma mimi.

Ndo maana Uingereza ile 100 wanaitamka "one hundred" isifanane na 110, na kwenye namba hizo zinazotajwa kwa mamia ya futi "to" hawaitumii.

Siku hizi mwenzangu akiwa hakusikia kibali kwa masikio yake mwenyewe simsimulii, nabonyeza redio naomba kirudiwe tukiwa tunasikiliza wote wawili. Na tukisikia tofauti hatubishani nani kasikia vizuri, tunauliza. Wapo waongoza ndege wanaokereka ukiuliza mara mbili, unamsikia kabisa anavuta pumzi, mimi nauliza hivyo hivyo.