Eda imeisha, mbona bado sitoki?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi, mie nko Wete, nshamaliza eda ya kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10, lakini bado nashinda ndani tu, watu nawaona wazito, nfanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, pole. Siku ya khitma (kisomo cha kumuombea marehemu) nyumba hujaa kisha kila mtu kwake, ndo ilivyo. Anza na jirani mmoja, kaeni msuke ukili wa mikeka, na wala usijilazimishe kucheka. Halafu ingia upatu, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu (pesa nazo zinafaa ati!) mana ukikosa siku moja watakuja kukugongea. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 tulofiwa Pemba tulikuwa wengi, kule kukaa pamoja matangani ndo kulotupa pumzi, na hapohapo watu wakaanza kuuliza kwa sauti, meli zinajazwa vile kwanini?