Unataka ufundi saa hapa Moshi? Saa ya babu yako iache kwanza

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama ufundi saa bado unalipa wakati kila mtu anaangalia saa kwenye simu, ujifunze wapi hapa Moshi, na kama uanze na saa ya marehemu babu yako iliyosimama. Mimi nina miaka 19 kwenye kazi hii, meza yangu iko jirani na soko la Mbuyuni. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Inalipa, ila hela haipo unakodhani. Zikija saa 10 mezani, saba au nane zinataka betri au mkanda tu. Betri ya 626, ile ndogo ya duara kama kifungo, ndiyo inayonisomeshea watoto. Mteja anakuja kanyong'onyea, mshale wa sekunde unatulia kisha unaruka sekunde 4 kwa mpigo, anadhani saa imekufa. Saa ni nzima. Nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi, zinakuambia betri inakwisha. Pima kwa mita: betri mpya ya aina hiyo inasoma volti 1.55 hivi. Badilisha, angalia na ule mpira wa kuzuia maji kwenye mfuniko, mpe saa yake. Wapo wanaomwambia mtu mashine imeungua ili wamtoze mara tano. Usithubutu. Moshi ni ndogo, bei yako itajadiliwa Jumapili watu wakitoka ibadani.

Waongoza watalii nao ni wateja wazuri. Wanashuka mlimani na saa walizopewa na wageni, nyingine za bei kubwa kweli, zimeingia ukungu ndani ya kioo. Hizo usizifungue mpaka uwe na kifungulio chake. Mfuniko ukishachubuliwa na kisu haufichiki.

Sasa kujifunza. Mimi sikusoma chuo. Nilikaa kwa mzee mmoja tuliyekuwa tukimwita Meku, na miezi 6 ya kwanza sikugusa saa ya mtu. Alinipa kopo la maziwa limejaa saa mbovu za kutia ufunguo, nyingi zilitoka kwenye mitumba Kiboriloni. Kazi yangu ilikuwa kufungua moja, kupanga vipande kwa mfuatano kwenye karatasi nyeupe, kisha kurudisha. Kesho yake naifungua ile ile. Meza yake ilikuwa na kitenge kilichopigiliwa misumari ukingoni, ncha ya pili anaifunga kiunoni, kwa hiyo skrubu ikiponyoka inadondokea mapajani, haifiki sakafuni. Mimi nilimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa nimepiga magoti natambaza sumaku chini ya meza.

Kitu alichonichapia vidole ni kufungua mashine kabla ya kulegeza springi. Ile springi kuu ikiwa imejaa, ukiondoa vipande vinavyoizuia, magurudumu yote yanafyatuka kwa kasi, meno yanakatika. Shika kile kitufe cha pembeni kwa vidole viwili, sogeza kijino cha kuzuia, uache springi ijifungue polepole huku unaisikia ikiteleza vidoleni. Hilo huwezi kulipata kwenye video. Video zitazame, zinasaidia sana kujua mpangilio wa vipande, lakini uzito wa mkono unaupata kwa kuharibu vya bure.

Na mimi niliharibu kisichokuwa cha bure. Mwaka wangu wa pili Meku alikwenda msibani, akaja mwalimu mstaafu na saa yake ya kutia ufunguo. Nikajiona fundi. Kufungua nilifungua vizuri, springi nikailegeza, nikafika kwenye usafi. Petroli safi ilikuwa imeisha, nikamimina spiriti kwenye kifuniko cha chupa nikatumbukiza kila kitu. Kuna kipande chenye umbo la nanga, kidogo kuliko punje ya mchele, ndicho kinachozuia na kuachia gurudumu; kwenye saa ya aina ile kinafanya hivyo mara 18,000 kwa saa moja. Kina vijiwe viwili vyekundu, vimegandishwa kwa shelaki. Shelaki ni ile ile seremala anayoiyeyusha kwa spiriti kupaka makabati. Nilipokitoa, jiwe moja lilibaki chini ya kifuniko.

Meku aliporudi hakusema neno. Aliweka kipande kile juu ya bati la shaba, akalipasha kwa taa, akarudisha jiwe kwa kibano huku amebana pumzi. Halafu alinituma mimi nikamweleze mwalimu kwa nini saa yake imechelewa wiki nzima. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Ilikuwa inatembea ulipoipokea?" Ilikuwa inatembea. Alikuwa ameileta kwa sababu inachelewa dakika chache.

Kwa hiyo tafuta mzee mwenye meza, omba ukae pembeni, na ukubali kufagia. Vifaa usinunue lile sanduku la vipande mia na kitu. Chuma chake laini, bisibisi zinapinda. Nunua bisibisi tatu nzuri, kibano kimoja chenye ncha kali, lenzi ya jichoni na mita. Mafuta ya cherehani mwachie fundi cherehani, kwenye saa yanatambaa na kuacha utando. Na saa ikianza kukimbia nusu saa kwa siku, kabla ya kufungua chochote isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza, inawezekana saa imeshika usumaku, pengine ililala juu ya spika.

Kuhusu ya babu yako: uliandika kwamba kila jioni unaitia ufunguo kidogo, inatembea dakika kadhaa, inasimama. Acha leo hii. Ikiwa haijafunguliwa miaka yote hiyo, mafuta ndani yameshakuwa gundi, na kila ukiilazimisha kutembea unasaga ncha za magurudumu. Izungushie kitambaa kikavu, iweke kabatini mbali na redio. Ukishafungua na kurudisha 30 za kwenye kopo zikatembea, njoo nayo tuitazame wote.