Kabla Hujaiamini Rekodi ya Joto ya Kituo cha Mjini

Nilipopewa kwa mara ya kwanza takwimu za joto za miaka mingi za kituo kimoja cha hali ya hewa, nilitafuta wastani wa kila mwaka, nikachora grafu, nikaona mstari unapanda, nikaridhika. Baadaye ndipo nilipokwenda kukiona kituo chenyewe. Kibanda cheupe cha vipimajoto kilikuwa pale pale, nyasi chini yake zimefyekwa vizuri. Lakini nje ya uzio palikuwa na maegesho ya lami, na nyuma yake ukuta wa ghorofa. Jua lilikuwa limeshazama. Nilipouwekea mkono ule ukuta, ulikuwa bado una joto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Kituo hakikuhama, mji ndio uliokifuata.

Tangu siku hiyo naanza kwa kutenganisha joto la juu na la chini la kila siku, nawe nakusihi ufanye hivyo. Zege na lami hunyonya joto mchana kutwa, kisha hulitoa taratibu usiku. Miti na udongo wenye unyevu, ambavyo vingepoza hewa, vimeshaondolewa. Kwa hiyo mji hujionyesha zaidi usiku, hasa anga likiwa halina mawingu na upepo umetulia. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, aliliona hilo London mwanzoni mwa karne ya 19. Joto la chini likipanda mbio kuliko la juu, shuku mazingira ya kituo, ila usihukumu bado: hata mbali na miji, sehemu nyingi usiku umeongezeka joto kuliko mchana.

Hapo ndipo daftari la kituo linapohitajika. Kilihamishwa lini? Kipimajoto kilibadilishwa lini? Kilikuwa kikisomwa saa ngapi? Kituo kikihamishwa kutoka katikati ya mji kwenda uwanja wa ndege nje ya mji, mara nyingi joto hushuka ghafla kwenye grafu, na jicho hulinasa upesi. Ujenzi unaosogea kidogo kidogo ndio unaotudanganya. Dawa yake ni kutafuta vituo jirani vya mashambani, kutoa joto lao kwenye la kituo chako mwezi kwa mwezi, na kuchora hiyo tofauti. Tofauti ikizidi kukua, hiyo nyongeza haikutoka kwenye tabianchi ya eneo zima.

Wapo wanaofika hapa wakadai kwamba dunia haipati joto, ni miji tu. Si kweli. Bahari, ambayo imefunika takriban asilimia 71 ya dunia na haina lami, nayo imepata joto.

Wala usiitupe rekodi ghafi, ile ambayo hujaiondolea nyongeza hiyo ya mji. Mgonjwa au mtoto anayelala mjini anapambana na joto lile lile lililosomwa, si lililosahihishwa. Mimi huhifadhi mafaili mawili: ghafi kwa maswali ya afya na makazi, lililosahihishwa kwa maswali ya tabianchi, na kila sahihisho limeandikiwa tarehe na sababu yake.